Kasumba ya "Laivu" na "Onlaini" Sasa Ikome

Mtu asiyeweza kukitaja kwa lugha yake kitu anachokilipia, hawezi pia kuuliza kwa nini kimepanda bei. Hilo ndilo jambo linalosahauliwa kila mara wasomi wanapolifanyia mzaha suala la istilahi za televisheni na mtandao. Hudhani ni suala la washairi na walimu wa sarufi, pambo la lugha la siku za sherehe. Kumbe ni suala la mfuko wa mwananchi, na nyuma ya mfuko huo limo suala la nani mwenye kauli katika nchi hii.

Anayetaka kulithibitisha hilo na apande gari Mombo, azikate kona za barabara ya mlimani mpaka Lushoto, kisha aendelee mpaka Lukozi, Mlalo na Mtae. Njiani atayaona madishi juu ya mapaa ya mabati, yote yameelekezwa upande mmoja wa mbingu. Hayakuwekwa pale kwa fahari. Mawimbi ya televisheni ya ardhini husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima hauyapishi. Kijiji kilichojificha bondeni hukosa picha hata kama mtambo hauko mbali. Ndiyo maana watu wa Usambara walielekea kwenye setilaiti, iliyo juu ya ikweta umbali wa karibu kilomita 36,000, na sasa vijana wao wanaelekea kwenye simu za mkononi. Mkulima wa karoti na kabichi, ambaye mjini husemwa kuwa yuko nyuma, ni mteja wa teknolojia ya kisasa kabisa. Analipa kila mwezi. Analipa pengine kuliko anavyolipia mbolea.

Lakini mteja huyo anasemeshwa kwa lugha gani? Akiwasha chombo chake, maelekezo yote ni ya kigeni. Sharti linalosema kwamba malipo yatajirudia kila mwezi mpaka yeye mwenyewe ayasimamishe, limeandikwa kwa lugha ya kigeni na kwa herufi ndogo. Akigeukia kwa mtangazaji, Mtanzania mwenzake aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima, anaambiwa: "Tuko laivu, usisahau kusabskraibu, kontenti zetu zote ziko onlaini, na epsodi ijayo ya sizoni mpya usiikose." Akienda ofisini kutafuta msaada, anakuta tangazo lililobandikwa na mtumishi wa umma kwamba kikao kitarushwa "laivu onlaini". Katika safari yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyekusudia kumficha jambo. Ila wote wamemficha.

HOJA YA UVIVU

Wanaosema hivyo wanayo hoja yao ya kila siku: Kiswahili hakina maneno. Hoja hii ni ya uvivu, na haisimami hata dakika moja.

Badala ya "laivu" lipo mubashara, na kabla yake lilikuwapo moja kwa moja, ambalo kila mtoto analielewa. Badala ya "onlaini" lipo mtandaoni. "Kudaunlodi" ni kupakua, na kinyume chake ni kupakia. Maneno haya mawili mama yeyote wa Soni anayajua, moja kutoka jikoni kwake na lingine kutoka kwenye gari lipelekalo mboga Dar es Salaam. "Kontenti" ni maudhui, neno ambalo Serikali yenyewe ililitumia katika Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018. "Sizoni" ni msimu, "epsodi" ni sehemu, "kusabskraibu" ni kujiunga. Tamthilia, filamu, kipindi, kituo, mtangazaji, kifurushi: yote yapo na yanatembea kwa miguu yao. Hata ile teknolojia nzima imepewa jina moja fupi, TEHAMA, ambalo limeingia mpaka kwenye vibao vya ofisi za halmashauri na masomo ya shule.

Kilichopungua basi si maneno. Kilichopungua ni nia ya kuyatumia.

Wala haisemwi hapa kwamba kila neno la kigeni lifukuzwe. Redio, televisheni, kamera, chaneli na antena yaliingia zamani, yakavaa sauti za Kiswahili na kukaa kama raia wema. Lugha hai hukopa, na Kiswahili kimekopa kwa karne nyingi bila kupoteza sura yake. Kukopa kwa haja ni busara ya mwenye nyumba. Lakini kumwacha mtoto wako mlangoni ukamwingiza mgeni kwa sababu tu mgeni ana harufu ya Ulaya, hiyo si busara, ni kasumba. Na kasumba hii haikuanza kwa mkulima. Imeanza kwa aliyepita chuo, ambaye kwake neno la kigeni ni cheti cha kuonyesha kwamba yeye si wa kijijini tena.

FUNZO LA KING'AMUZI

Yafaa wanaokata tamaa wakumbushwe historia. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, wakati sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na rangi hizo. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza, ITV ikiwa miongoni mwao. Televisheni ya Taifa ilizinduliwa mwaka 2000, na hatimaye ikawa sehemu ya TBC. Katika miaka yote ya kabla ya hapo, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuifunza nchi nzima namna ya kusema mambo mapya. Watangazaji wa mpira hawakungoja kitabu kiwafikie ili wapate "mlinda mlango", "mshambuliaji" na "mpira wa kona". Waliyasema hewani, wananchi wakayapokea, na leo mtoto wa Bumbuli huyasema kana kwamba yaliumbwa pamoja na mpira wenyewe.

Ukaja mwaka 2012. Usiku wa tarehe 31 Desemba mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine, Tanga ikiwamo, ikafuata mwaka 2013. Kila nyumba yenye televisheni ilihitaji chombo kipya cha kuifungua picha ya dijitali. Chombo hicho kingeweza kuitwa "dikoda" na mambo yakaishia hapo. Lakini Serikali, Mamlaka ya Mawasiliano, vituo na wauzaji walisema neno moja: king'amuzi. Lilitokana na kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika, na lilieleza kazi ya chombo kuliko neno la kigeni linavyoeleza. Katika muda wa miezi michache likawa dukani, basini, bungeni na kijiweni. Baadaye likaja neno lingine, kisimbuzi, kutokana na kusimbua na msimbo, nalo likapata wafuasi wake. Leo watu hubishana lipi kati ya hayo mawili ni bora. Ubishi wa namna hiyo ni wa afya, kwa kuwa wanaobishana wote wamesimama ndani ya nyumba yao wenyewe.

Funzo ni wazi. Neno hushinda linapofika siku moja na kitu chenyewe, likitamkwa na wenye mamlaka bila haya. Likifika miaka 5 baadaye katika kijitabu, hukuta mgeni amekwisha kuoa.

KURUSHA NA KUTIRIRISHA

Sasa kitu kipya kimefika tena, na safari hii jina lake linachezewa. Ni ile njia ya kutazama filamu, mpira au mahubiri kwa kupitia mtandao bila kwanza kuyahifadhi katika simu. Kiswahili kinalo neno lake: kutiririsha, na kazi yenyewe ni utiririshaji. Lakini vituo vinasema "kurusha laivu onlaini", watumishi wanaandika hivyo hivyo, na walimu wanawafundisha watoto hivyo hivyo. Hapo ndipo hasara ya mwananchi inapoanzia.

Kurusha na kutiririsha si kitu kimoja. Kituo kinaporusha matangazo kwa mawimbi au kwa setilaiti, ishara ni moja kwa watu wote. Wakiongezeka watazamaji 1,000 milimani, gharama ya kurusha haiongezeki hata senti. Katika kutiririsha, kila mtazamaji hupelekewa mkondo wake peke yake. Picha hukatwa vipande vya sekunde chache chache, simu ikaviomba kimoja baada ya kingine, na kila kipande kinacholetwa hukatwa katika bando la mtazamaji. Kwa makadirio yaliyotolewa na Netflix yenyewe, saa 1 ya picha ya ubora wa kawaida yaweza kula hadi gigabaiti 1, na ya ubora wa juu hadi gigabaiti 3. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba kipindi "kinarushwa bure onlaini" ameambiwa uongo bila msemaji kujua. Kipindi ni bure. Mkondo unaokileta unalipiwa, na mlipaji ni yeye.

Mchukuliwe mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha upande wa Mlalo. Ana bando la wiki, na anataka kuwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya mazingira. Akiitiririsha kwa madarasa 4, ameilipia mara 4. Akiipakua mara moja na kuihifadhi, ameilipia mara 1 na ataionyesha mpaka mwisho wa mwaka. Tofauti hii haihitaji shahada. Inahitaji maneno mawili yanayoeleweka. Kama yote mawili yanaitwa "onlaini", mwalimu huyo atamaliza bando Jumanne na kudhani ameibiwa.

Hata vijana wa vibanda umiza wanaijua tofauti hiyo kwa macho, ingawa hakuna aliyewapa jina lake. Siku ya mechi kubwa, bao linapofungwa, kelele za wenye dishi huvuka bonde kabla mwenye simu hajauona mpira ukiingia wavuni. Huyu wa simu aliambiwa naye yuko "laivu". Hakuwa laivu, alikuwa akingoja vipande vyake vifike, na yule wa dishi alikuwa amekwisha kushangilia.

NENO KUTOKA MLIMANI

Kwa mtu wa Usambara jambo hili lote lingeelezwa kwa dakika mbili, kwa sababu babu zake walilijenga kwa mawe na udongo. Katika milima ya Upare na Usambara maji ya kijito huelekezwa kwenye ndiva, bwawa dogo la kuhifadhia, yakakusanyika usiku kucha. Asubuhi ndiva hufunguliwa, maji yakashuka kwa mfereji mpaka shambani. Maji ya mfereji hutiririka na kupita. Maji ya ndiva hungoja. Na mkulima anajua kwamba kijito kikipungua wakati mfereji uko wazi, ndiva itakauka na shamba la mwisho litakosa maji.

Simu hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kuonyesha picha hukusanya vipande kadhaa vya mbele katika hazina yake ndogo, kisha huvifungulia kidogo kidogo. Mtandao ukiwa mwembamba, hazina hukauka, picha husimama, na kile kiduara huzunguka katikati ya kioo. Wasomi wa mjini wana neno la kigeni kwa hali hiyo. Wengine husema tu "inazunguka". Kwa nini isisemwe kwamba simu inajaza ndiva? Neno lipo, kazi yake ni ile ile, na wenye kulijua ni maelfu ya wakulima.

Kabla mtu hajacheka, na akumbuke anakaa katika nyumba ya maneno ya namna hiyo. Ikulu tulilipata kwa Wanyamwezi. Kung'atuka, ambalo dunia ililisikia Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, ni la Wazanaki. Na wale wahitimu wanaojigamba kwa kitivo walichosomea, wajue kwamba wataalamu wa lugha hulihesabu neno kitivo kuwa limechukuliwa kutoka Kipare na Kisambaa, ambako ni ardhi yenye rutuba. Chuo Kikuu kizima kimekaa miaka mingi juu ya neno la milima hii bila kuporomoka. Ndiva haitauvunja mtandao.

KICHEKO SI HOJA

Wapo watakaosema kwamba maneno mapya huchekesha. Ni kweli, mengine yamechekesha. "Kitenzambali" limeandikwa, lakini nyumbani watu wameendelea kusema rimoti, na rimoti imekwisha kuwa neno la Kiswahili. Hakuna aibu hapo. Katika kila shamba zipo mbegu zisizoota, na mkulima hachomi ghala kwa sababu hiyo. Lakini ni vema ikumbukwe kwamba hata mubashara lilichekwa lilipoanza kusikika vituoni, na leo waliolicheka hulisema bila kujijua. Kicheko cha siku ya kwanza ni desturi, si hukumu.

Wapo pia wasemao kwamba filamu na mitambo ni ya wageni, kwa hiyo lugha yake haina budi kuwa ya wageni. Hao hawajawahi kuingia katika kibanda umiza. Miaka mingi kabla kampuni yoyote haijafikiri kuwatafsiria Waswahili, wasimulizi wa Dar es Salaam, Lufufu akiwa maarufu kati yao, walikwisha kuingiza sauti zao juu ya filamu za Marekani, Uhindi na China, na kanda hizo zikapendwa kuliko zile za asili. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya msichana Doudou na mama wakwe zake, iliyoingizwa sauti za Kiswahili, nayo ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mgeni alipotaka kuingia katika nyumba za Watanzania, alijifunza kugonga kwa Kiswahili. Ni Mtanzania aliyemo ndani anayeitikia kwa Kiingereza!

YA KUFANYWA

Mwaka 1967 ulikuwa mwaka wa maamuzi. Mwezi Januari, Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za Serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Tangu hapo lugha hii imevuka mipaka. UNESCO iliitengea siku yake, tarehe 7 Julai, kwa uamuzi wa mwaka 2021, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliikubali kuwa lugha yake ya kazi. Ni fedheha lugha inayosemwa Addis Ababa ishindwe kusemwa katika tangazo la ofisi ya kata.

Kwa hiyo kila mmoja anayo sehemu yake. Mamlaka ya Mawasiliano inayotoa leseni haina budi kuweka sharti kwamba anayemwuzia Mtanzania kifurushi, awe wa dishi au wa mtandao, amwandikie mkataba, bei na njia ya kujitoa kwa Kiswahili fasaha. Baraza la Kiswahili likae na vituo na mafundi kabla ya kitu kipya kufika sokoni, lisingoje kuja kukizika. Vituo vya utangazaji vikubali kwamba mtangazaji asemaye "laivu" hajaipanda ngazi yoyote. Ameiacha kazi yake nusu.

Lakini mzigo mkubwa uko juu ya watu wawili: mwalimu na mtumishi wa umma. Hao ndio wanaoigwa. Kijiji hakisomi vitabu vya istilahi. Kinasikiliza anavyosema mwalimu ubaoni na kinasoma alichobandika mtendaji mlangoni. Mwalimu akisema kutiririsha, darasa zima litasema kutiririsha, na jioni neno hilo litapanda mlima pamoja na watoto. Mtendaji akiandika "kikao kitatiririshwa mtandaoni, na mtazamaji atatumia bando lake", ametoa habari kamili kwa mstari mmoja. Akiandika "laivu onlaini", ametoa fahari yake tu.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anayetegemea maneno ya jirani kuvitaja vitu vya nyumbani mwake ni maskini zaidi, kwani hata siku atakapodhulumiwa itambidi aazime lugha ya kulalamikia. Wazee wa Usambara hawakungoja mtu wa Ulaya aje awape jina la mfereji. Waliuchimba, wakauita, na maji yakafika shambani.